Noti ya mia tano

Jana nlikuwa napekua mkoba wa zamani natafuta pini za mtandio, ikadondoka noti ya mia tano, ile ya kijani ya Mzee Karume. Mwanangu kaiokota, kaigeuza geuza, "Mama, hii pesa ya nchi gani?" Yeye mia tano anaijua sarafu tu. Nkacheka, halafu nkakaa kitako.

Ilikuwa 2012, harusi ya Mwembetanga. Mwaka mzima nshakuwa kwenye kiitikio cha taarab, nyuma ya wenzangu, na huko nyuma wallahi nlikuwa simba. Siku hiyo mwimbaji wetu kaja sauti imemkauka, mzee wa fidla akaninyooshea upinde: leo wewe. Nliyovaa sikumbuki, nlivyopanda sikumbuki. Nakumbuka wakapiga utangulizi, zamu yangu ikafika, nkafungua mdomo na hamna kitu, ulimi mkavu kama papa wa sokoni. Kanuni, ile ala ya nyuzi, ikazunguka tena, fidla zikanirudisha pale pale mlangoni niingie, siingii. Mara ya tatu mpiga dumbak ananitazama kwa huruma, na bora uzomewe kuliko kuhurumiwa na mpiga dumbak.

Ndo akainuka bibi mmoja safu ya mbele. Anakuja taratibu na mwendo wake wa kutuza, bega hili, bega lile, mkono juu, noti inapepea kwenye vidole vyenye hina mbichi mbichi. Nkajua atanipita akamtuze mpiga udi, maana mie hata neno sijasema! Kafika, kanikamata mkono, kaibandika noti kiganjani, kanifunga vidole kimoja kimoja. Ananukia udi mpaka machozi. "Pesa nshatoa. Niimbie."

Nkaimba. Beti ya kwanza ilitetemeka, ya pili wanawake washasimama, basi.

Miaka nliishi na yule bibi moyoni, nikimwombea dua kila nikipanda jukwaani, kaniona natetemeka akaniokoa. Mpaka fundi wangu wa nguo, siku ananipima, anacheka: "Yule? We hakukuona khasa. Mke mwenzie alikuwa kakaa pale chini ya feni." Wimbo wenyewe ulikuwa wa vijembe vya uke wenza, mji mzima unaujua tangu fidla ya kwanza, na mwenyewe hakuwa na subira ya kungoja maneno. Na kweli, nikikumbuka vizuri, alipokuwa ananifunga vidole uso wake ulikuwa umeelekea kwenye feni.

Sasa sijui dua zangu zilikwenda wapi. Hofu yenyewe haijaondoka, mpaka leo sipandi bila kushika kitu mkono wa kushoto, hanjifu, risiti ya umeme, chochote, na watu wanasema nimezoea.

Alkhamisi mwanangu anasoma kasida skuli, peke yake. Kaiomba ile noti. Nkamwambia hiyo dukani haiendi tena.

"Najua. Ya kushika tu."