Kushuka Baiskelini kwa Wakati: Saiklokrosi Katika Tope la Flanders

Saiklokrosi ni mbio za baiskeli zinazofanyika nje ya barabara katika miezi ya baridi ya Ulaya, kuanzia Septemba hadi Februari, kwenye njia ya kilomita 2.5 hadi 3.5 inayozungukwa mara kadhaa, ikipita malishoni, msituni, mchangani na juu ya vizuizi vya mbao visivyozidi urefu wa sentimita 40. Njia hupangwa ili sehemu yake kubwa iweze kuendeshwa, lakini mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, ni mwendeshaji mwenyewe anayeamua pa kuendesha na pa kukimbia kwa miguu. Nimeshindana katika ngazi ya ridhaa kwa misimu ya kutosha kuamini kwamba, kwetu sisi tusiolipwa, uamuzi huo hupanga nafasi za kumaliza zaidi kuliko nguvu za mapaja.

Ninaishi Ghent, mji wa Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, na mbio ninazozipenda zaidi ni zile za kusini, kwenye vilima vya upande wa Oudenaarde, ambako udongo una mfinyanzi na haunywi maji haraka kama mchanga wa eneo la Kempen. Huko ndiko ulipo mlima wa Koppenberg, ambao kila tarehe 1 Novemba waendeshaji wa kulipwa hushindana kwenye malisho yake na juu ya mawe yake yenye mwinuko unaofikia asilimia 22. Kwa anayetaka kujifunza, nafasi nzuri ya kusimama si mstari wa kumalizia, bali ni mguu wa mpando wa malisho, mahali ambapo mtu huona waziwazi nani ameshuka baiskelini akiwa bado na kasi na nani amengoja mpaka gurudumu likasimama.

Matope hayafanani. Lile jepesi kama uji linatisha kwa macho lakini lina huruma: tairi hulipasua, hugusa ardhi ngumu iliyo chini, na anayeendelea kukanyaga bila kusita hupita. Tatizo ni lile zito la kunata, linalotokea mvua inapokatika na ardhi kuanza kukauka huku nyasi zilizong'olewa zikichanganyika nalo. Hilo hupanda na gurudumu, hujaa kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele na nyuma ya ekseli ya pedali, huifunga gia, na kuongeza kilo kadhaa kwenye baiskeli ambayo mmiliki wake alilipa fedha nyingi ili iwe nyepesi. Kwa hiyo njia iliyokaguliwa asubuhi si njia ile ile itakayokimbiwa mchana baada ya makundi mengine ya umri kuipita, na ndiyo maana huwa naizunguka tena kwa miguu kabla ya kuitwa kwenye mstari.

Kanuni ninayoifuata ni rahisi kuitaja, ingawa moyo unaodunda kwa nguvu zote huipinga: mwendo ukishuka hadi kukaribia ule wa mtu anayekimbia, ni wakati wa kushuka baiskelini, na ushukaji huo ufanyike kabla baiskeli haijasimama. Mguu wa kulia huvushwa nyuma ya kiti, mwendeshaji hutua upande wa kushoto, mbali na mnyororo, mkono wa kulia hushika bomba la chini la fremu, na baiskeli hupanda begani katika hatua mbili tatu. Viatu vyenye meno ya chuma mbele humaliza kazi. Anayeng'ang'ania kiti hadi mwisho hulazimika kuinua baiskeli nzito akiwa amesimama tuli kwenye mteremko, na hapo watu watatu wanne huwa wameshampita. Zaidi ya hayo, baiskeli iliyobebwa kuvuka sehemu ya kunata haikusanyi tope, na hili lina thamani kubwa kwetu: mwendeshaji wa kulipwa hubadilisha baiskeli katika kituo cha huduma hata kila nusu mzunguko, akiachia wasaidizi wake ile chafu waioshe, ilhali wengi wetu tuna baiskeli moja tu.

Nimekulia Tukuyu, ambako mvua haikosekani kwa muda mrefu, na ambako mtu mwenye mikungu ya ndizi kwenye keria hashangazi akishuka na kusukuma penye utelezi. Hapa pia kushuka ni sehemu ya mchezo tangu mwanzo. Daniel Gousseau alipoandaa ubingwa wa kwanza wa Ufaransa mwaka 1902, kukimbia na kubeba baiskeli kulikuwa ndani ya mbio zenyewe, na Octave Lapize, mshindi wa Tour de France ya 1910, aliyahesabu mazoezi hayo ya msimu wa baridi miongoni mwa sababu za ushindi wake. Sioni kwa nini mwendeshaji wa ridhaa aone haya kwa jambo hilo.

Kuhusu matairi, UCI, shirikisho la baiskeli duniani, huruhusu upana usiozidi milimita 33, kwa hiyo kinachobaki kuchezewa ni meno na upepo. Kwa uzito wangu wa kilo 70 hivi, naanzia psi 22 (kipimo cha shinikizo la upepo) na kushuka hadi 20 penye utelezi mwingi. Chini ya hapo tairi hushika vizuri zaidi, lakini mzizi mmoja au ukingo wa jiwe hutosha kuigonga rimu, na tairi lisilo na tyubu huweza kuvujisha upepo pembeni kwenye kona kali.

Mstari bora nao huhama. Ule uliokuwa wa haraka katika mzunguko wa kwanza hugeuka mfereji baada ya magurudumu mengi kuuchimba, na kwenye miteremko inayokatwa kwa ubavu mfereji huo huweza kuwa msaada, kwa kuwa hulizuia gurudumu lisiteleze kwenda chini. Kwenye mpando, kinyume chake, hugeuka mtego. Kengele ya mzunguko wa mwisho inapolia, mimi hukimbilia ukingoni kabisa, karibu na utepe wa mpaka wa njia, penye nyasi ambazo hazijakanyagwa, na kwa kawaida hapo ndipo ninapowapita walioamua kubaki kwenye pedali.