Kumbukumbu ya mradi: kupoza mitetemo ya H₂⁺ kwa elektroni

Kielelezo changu cha kompyuta sasa kinafanya nilichokuwa nakitamani: nikifungua mkondo wa elektroni, ioni za H₂⁺ (molekuli za hidrojeni zilizopoteza elektroni moja) zinaanza kushuka ngazi za mtetemo, yaani viwango vya nishati ya kutetema, nikiufunga, zinaganda palepale.

Huko kuganda ndiko kulikonivuta kwenye mradi huu. HD⁺, ndugu yake ambaye kiini kimoja ni cha hidrojeni nzito (deuteri), haihitaji msaada. Viini vyake vina uzito tofauti, kwa hiyo ikitetema hutoa mionzi ya infraredi na kufika ngazi ya chini kabisa kabla sekunde haijatimia. H₂⁺ inalingana pande zote mbili na njia hiyo imefungwa. Tena huzaliwa ikiwa na joto: elektroni ya H₂ ikichomolewa ghafla, viini hubaki umbali wa nanometa 0.074, wakati ioni mpya hutulia kwenye 0.106. Usipoigusa, itazunguka na mtetemo wake uleule kwenye pete ya kuhifadhia ioni, ambamo sumaku huzipinda zirudi mwanzo.

Katika pete ya TSR ya Heidelberg, yenye mzingo wa meta 55 hivi, mkondo wa elektroni ulitiririshwa sambamba na ioni kwa kasi ileile. Elektroni ambayo, ukiitazama kutoka kwenye ioni, iko karibu kutulia, ikikutana na ioni inayotetema, inaweza kuondoka na nishati ya mtetemo, kama elektronivolti (eV) 0.27 kutoka ngazi ya 1 hadi sifuri, iliyo ya chini kabisa.

Ila kuna njia nyingine, na ndiyo iliyonikalisha zaidi. Ioni ikiinasa elektroni, huvunjika kuwa atomu mbili zisizo na chaji, sumaku hazizipindi tena, zinatoka nje ya pete. Ngazi za juu zikivunjika upesi kuliko za chini, wastani wa mtetemo utashuka hata kama hakuna ioni hata moja iliyopoa! Nikaendesha kielelezo nikiwa nimeacha uvunjikaji peke yake. Asilimia ya ngazi sifuri ilipanda vizuri, lakini idadi yenyewe ya ioni zake ilikuwa inapungua. Niliporudisha upozaji, idadi ikapanda kwanza ndipo ikaanza kupungua. Tangu hapo nachora idadi, sitegemei asilimia.

TSR walipima kwa njia ninayoipenda kupita zote: ioni hupenya utando mwembamba mno, inanyang'anywa elektroni yake, protoni mbili zinasukumana, na nguvu ya msukumano huo inaeleza zilikuwa zimeachana kiasi gani. Sasa naandika sehemu ya kuiga picha hizo, ngazi moja baada ya nyingine.