Siku moja na heksani katika maabara ya pareto, Nakuru

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla sijawasha taa, huvua sweta niliyolalia na kusikiliza. Katika miezi ya Januari na Februari, upepo wa Nakuru unapokauka, sweta ya nailoni hualika inapopita kichwani na cheche za buluu huonekana gizani. Watoto wangu huzifurahia. Mimi huiacha sweta hiyo kitandani nikavaa ya pamba, kwa sababu kazi yangu ni kushinda kando ya kiowevu ambacho mvuke wake huweza kuwashwa na cheche ambayo ngozi haiihisi.

Mimi ni fundi wa maabara katika eneo la viwanda. Tunapima kiasi cha piretrini, ile dawa ya kuua wadudu, kilichomo katika maua makavu ya pareto, maana mkulima wa Molo, Njoro, Kuresoi au Kinangop halipwi kwa uzito wa gunia peke yake bali pia kwa nguvu ya ua lenyewe. Ili kuitoa piretrini, tunayasaga maua na kuyaosha kwa heksani, kiyeyushi kitokanacho na mafuta ya petroli, chepesi kuliko maji, kisicho na rangi na chenye harufu hafifu. Ukikiona chupani utadhani ni maji ya kunywa, na hapo ndipo taabu inapoanzia. Majirani zangu wa Free Area wanaamini kwamba nalipwa kwa kukaa nikitazama chupa zikidondoka matone. Sijawahi kuwakatalia kabisa, kwa kuwa kutazama ndiyo kazi, ila hawajui ninachokitazamia.

Saa moja na nusu nafungua stoo. Imejengwa peke yake nyuma ya maabara, haina swichi ndani, na matundu yake ya hewa yako chini karibu na sakafu, kwa sababu mvuke wa heksani ni mzito takriban mara tatu kuliko hewa na hutambaa chini kama maji yanayotafuta mtaro. Wageni hudhani kwamba baridi ya asubuhi inatulinda. Haitulindi hata kidogo: heksani hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na baridi ya Molo, pamoja na sifa zake zote, haijafika huko. Hewa yenye mvuke huo asilimia 1.1 tu tayari inaweza kuwaka.

Namimina kutoka pipa la lita 200 hadi kopo la chuma la lita tano. Kabla ya kugusa bomba nafunga waya wa shaba kati ya pipa na kopo, na mwingine kati ya pipa na chuma kilichozikwa ardhini, halafu navuta kila kibanio kwa mkono kuhakikisha kimeshika chuma chenyewe, si rangi. Heksani haipitishi umeme, kwa hiyo inapotiririka hujikusanyia umeme tuli, na umeme huo usipopewa njia ya kwenda ardhini hujitafutia wenyewe, kwa kuruka. Ndiyo maana nafungua bomba kidogo na kusimama hapo dakika sita nzima kwa ajili ya kopo moja. Mwanafunzi aliyeletwa kwetu kwa mafunzo ya kazini aliniuliza wiki yake ya kwanza kwa nini nisilifungue lote tukamaliza. Nilimwambia ajaribu kuhesabu waya. Sasa anazihesabu kabla yangu.

Ningali stoo, dereva wa lori akaja na chupa ya soda akiomba "kidogo tu" cha kutolea gundi ya stika kwenye kioo. Kila wiki huja mtu wa namna hiyo. Nilimkatalia, naye akaniona mchoyo. Chupa ya soda yenye heksani, ikifika nyumbani kwa mtu, ni mtoto mwenye kiu tu anayesubiriwa.

Saa mbili na nusu sampuli sita zilikuwa zimesagwa, zimepimwa uzito na kutiwa katika vikopo vya karatasi nene ndani ya vyombo vya soksleti, vya kuoshea sampuli kwa kiyeyushi kinachozunguka, maji ya kondensa, bomba la kupozea mvuke, yanapita, na uchemshaji ukaanza.

Hapa yafaa nieleze, maana bila hivyo yaliyofuata hayataeleweka. Chupa sita za kioo, kila moja na mililita 150 za heksani, zimeketi katika bafu moja la maji moto ndani ya kabati lenye feni inayofyonza mvuke na kuutoa juu ya paa. Hatutumii moto wa gesi wala sahani ya umeme, kwa kuwa mvuke wa heksani hujiwasha wenyewe ukikutana na kitu chenye joto la nyuzi 230 hivi, bila cheche yoyote, na sahani ya umeme hupita hapo kwa urahisi. Vitabu husema heksani huchemka kwenye nyuzi 69, lakini huku kwetu, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 62. Mvuke hupanda, hukutana na kondensa iliyopozwa kwa maji ya mfereji, hugeuka kuwa matone, hudondokea maua, hujaa, kisha hurudi chini kwa mkupuo mmoja ukiwa umebeba piretrini. Mzunguko huo hurudiwa kwa saa saba. Maji ya kondensa yakikoma, heksani haigeuki tena kuwa matone. Inatoka.

Saa tano kasorobo akaja mzee mmoja, mwakilishi wa kikundi cha wakulima kutoka upande wa Molo. Sampuli yao ya mwezi uliopita ilikuwa imetoka asilimia 1.1, ilhali jirani zao walipata 1.6, na yeye alikuwa amefika na jibu lake tayari: maabara imebadilisha vifuko. Nilimkaribisha katika chumba cha mapokezi, nikamwonyesha namba ya sampuli na sahihi yake mwenyewe, nikamweleza kwamba maua yakichumwa yakiwa yamepitiliza, au yakikaushwa kwa joto kali, piretrini hupungua kabla hayajatufikia. Alinisikiliza kwa heshima, akaniita daktari, akarudi palepale. "Daktari, mimi sina neno na wewe. Mimi nataka kuiona ikipikwa." Nikamweleza tena. Akapigiwa simu, akaipokea, akamweleza mtu wa upande wa pili kwamba yuko na daktari na kwamba daktari amekubali. Sikuwa nimekubali. Nikaanza mara ya tatu, na nakiri kwamba sauti yangu ilikuwa imebadilika. Haya yote yalichukua dakika arubaini, na kila baada ya dakika chache nilikuwa nikigeuka kuangalia kabati kupitia kioo cha mlango.

Katika mojawapo ya kugeuka huko niliona kwamba mpira wa maji unaotoka kwenye kondensa, ambao kwa kawaida hutetemeka kidogo, umetulia. Maji ya mtaa yalikuwa yamekatika. Tangi la juu linapaswa kushika zamu lenyewe, lakini vali yake ilikuwa imefungwa tangu Ijumaa liliposafishwa, na hakuna aliyeifungua. Hakuna aliyeifungua maana yake nami nimo, kwa sababu orodha ya asubuhi ina mstari wa vali hiyo na nilikuwa nimeutia alama bila kupanda ngazi.

Kishawishi cha kwanza ni kukimbilia swichi iliyo karibu. Hapana. Swichi ya bafu iko ukutani nje ya mlango, makusudi, na hiyo ndiyo niliyoizima, huku feni ya kabati, yenye waya wake wenyewe, nikiiacha izunguke. Ila kuzima umeme si kuzima joto. Maji ya bafu yalikuwa na nyuzi 75 na heksani inahitaji 62 tu, kwa hiyo zile chupa zingeendelea kuchemka robo saa na zaidi kana kwamba hakuna lililotokea. Lazima bafu lishushwe. Nilivuta pumzi nje, nikaingia, nikapitisha mikono chini ya kioo cha kabati na kuanza kuzungusha mpini wa jeki iliyolibeba bafu, mzunguko kwa mzunguko, polepole, maana ukilishusha kwa pupa chupa hugongana. Juu ya kondensa ya tatu na ya nne niliuona mvuke, au tuseme niliona ukuta wa nyuma ukiyumbayumba kama barabara ya lami mchana. Nilihesabu mizunguko kumi na tisa. Harufu tamu ya petroli ilikuwa imenifikia, nayo harufu ikinifikia ujue kabati halijauchukua wote.

Na hapo nyuma yangu, ndani ya maabara, simu ikalia. Mzee alikuwa amenifuata na ameiinua apige picha.

Sijawahi kuona simu ikiwasha mvuke, na sitadai kwamba simu yake ingetuua. Lakini lita moja ya heksani ikigeuka yote kuwa mvuke inatosha kuijaza sehemu kubwa ya chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 mchanganyiko unaoweza kulipuka, humo kabatini mlikuwa na karibu lita hiyo, na sikuwa na nafasi ya kupima uwezekano. Nilipaza sauti: "Toka nje!" Bila mzee, bila tafadhali. Mtu wa umri wa baba yangu. Akatoka, akasimama uani, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba amefukuzwa kama mbuzi.

Mwanafunzi alikuwa tayari amefungua madirisha bila kugusa swichi yoyote, kisha akakimbia bila kuambiwa hadi kwa mama wa chai, ambaye huketi na jiko lake la makaa karibu na mtaro unaotoka chini ya ukuta wetu. Mvuke unaotambaa waweza kuufuata mtaro kama huo hadi kwenye kaa la moto, ukawaka huko, na moto ukarudi kwa njia ileile hadi ulikotoka. "Mama, jiko lihame." Mama alilibeba kwa matambara mawili hadi upande wa pili wa ua akisema kwamba jiko lake limehama mara nyingi kuliko mpangaji wa Nakuru.

Tulikaa nje nusu saa. Nilimnunulia mzee chai na maandazi, nikamwomba radhi kwa jinsi nilivyomsemesha, si kwa kumtoa. Alikubali chai, radhi akaiacha hewani. Nikaanza kumweleza habari za mvuke, na nilipofika kwenye petroli na heksani kuwa ndugu, alinikatiza kwa neno moja: "Sachang'wan." Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka hapo karibu na Molo, watu wakakimbilia kuchota, ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hakuwa na haja ya kuelezwa na mimi. Alinywa chai yake yote, akainuka, akauliza tu sampuli itakuwa tayari lini.

Hilo lilikuwa swali gumu, kwa sababu zote sita zilikuwa zimeharibika. Heksani ikipungua katikati ya kazi, namba inayotoka ni ya kubahatisha, na mimi siwezi kumlipa mtu kwa kubahatisha. Saa nane mchana, maji yakitoka tangini na vali ikiwa imefunguliwa nami kwa mkono wangu, tulianza upya. Saa saba nzima zingetupeleka hadi saa tatu usiku, na uchemshaji hauachwi peke yake, hata dakika ya kwenda kununua mkate. Mkuu wetu aliniruhusu kufanya sampuli mbili tu, ya mzee ikiwamo, na nne zingoje kesho.

Kutoka hapo sikumbuki vizuri saa. Nakumbuka kuandika ripoti ya tukio na kuandika wazi kwamba alama ya vali niliitia mimi. Nakumbuka kumimina heksani chafu katika kopo la taka lenye kibandiko, maana sinki ni marufuku: haichanganyiki na maji, huelea juu yake na kwenda kutafuta moto kwenye bomba la jirani. Nakumbuka kumkemea mwanafunzi kwa kunawa mikono kwa kiyeyushi baada ya glavu kupasuka, kwa sababu heksani hukausha mafuta ya ngozi, na anayeivuta kwa miezi na miaka huweza kuishia kufa ganzi vidole vya miguu na mikono, kama walivyopata mafundi wa ndara za plastiki huko Japani katika miaka ya 1960. Kiwango kinachotajwa mara nyingi kwa siku ya kazi ya saa nane ni sehemu 50 katika milioni ya hewa. Miguu yangu iliuma, lakini niliihisi yote, nikashukuru.

Giza lilipoingia tulibaki wawili, mlinzi getini na feni ikivuma. Kila dakika kumi nilikwenda kutazama mpira wa maji ukitetemeka. Mwisho nilishusha bafu, nikangoja chupa zipoe kabisa, nikafunika dondoo, yaani heksani iliyobeba piretrini, katika chupa za kahawia kwa kuwa mwanga huiharibu piretrini, nikaziweka katika friji yetu isiyo na swichi ya kutoa cheche ndani. Friji ya nyumbani ingeweza kufanya siku hiyo kuwa ya mwisho.

Nilikuwa nimeketi kwenye matatu, nikinusa viganja vyangu, simu ilipolia.

"Daktari, imefika ngapi?"

"Bado iko chupani, mzee. Mashine itaisoma kesho, njoo saa sita."

Akanyamaza kidogo. "Sawa. Simu nitamwachia mama wa chai."