Tausi amesagwa meno leo

Alhamdulillah, punda wangu Tausi ametibiwa.

Wanaomjua wanajua alivyo mwoga. Ukinyanyua mkono tu karibu na kichwa chake, anarudi nyuma na masikio kayalaza. Huko alikotoka alipigwa, sina shaka.

Karibuni alikuwa anadondosha majani yaliyotafunwa nusu, vibonge vibonge vyenye mate, na mbavu zikaanza kuonekana. Basi asubuhi nikamvuta mpaka hospitali ya punda, hapa hapa Lamu mjini, ile iliyopo tangu 1987 na haitozi hata senti.

Daktari hakumvamia. Alisimama ubavuni, akamkuna shingo huku akimsemesha, mpaka masikio yakalegea. Ndipo akamdunga sindano ya kutuliza.

Kichwa kikashuka, mdomo wa chini ukaning'inia. Wakamtia chuma cha kumwachamisha.

"Tia kidole hapa kando, ami, taratibu."

Jino kali kama wembe! Na ndani ya shavu, kidonda kibichi.

Meno ya punda hayaachi kuchomoza, na yasiposagika sawasawa hufanya ncha. Maskini, kila akitafuna alikuwa anajikata, na mchanga wa watu akabeba vivyo hivyo. Hilo limeniuma sana.

Ikapita tupa ndefu, kwaru kwaru, zile ncha zikaisha.

Wenye punda, wapelekeni wakaangaliwe vinywa angalau mara moja kwa mwaka, hata kama wanakula vizuri.

Na mliofuga punda waoga, mliwazoeshaje kushikwa kichwa? Niandikieni hapa, nataka kuanza na Tausi wiki hii.