Upanga usiokata

Jumamosi nimerudi nyumbani hapa Ujerumani na upanga wa karne ya 18, ule mwembamba wa kudunga kwa ncha ambao mabwana wa mjini walikuwa wakining'iniza kiunoni. Mke wangu kauliza kama ni wa kukatia nyama. Wapi! Haukati hata nyanya. Bapa lake lina pande tatu, kila upande umechimbwa ndani kama mfereji, ndiyo maana ni mwepesi lakini haupindi ovyo. Kazi yote iko kwenye ncha.

Na ncha yenyewe imevunjika, kama upana wa kidole hivi. Waya uliozungushiwa mpini umelegea sehemu mbili, ala haipo. Karibu na mpini kuna kutu iliyokula vishimo. Hayo yote ni uzee, nayasamehe. Kilichoniuma ni kwamba kuna mtu aliwahi kuupiga msasa, akafuta nakshi zote za upande mmoja. Msasa jamani!

Mimi nimepaka tu mafuta ya cherehani kwa kitambaa laini. Stilwaya nimeificha, maana mama mkwe anakuja kesho na anapenda vitu ving'ae.