Saint Bernard: mbwa aliyenenepa baada ya kazi yake kwisha

Karibu kila Jumamosi ninapotoka katika jengo letu hapa Bern, hukutana kwenye ngazi na mbwa wa jirani, Saint Bernard wa kilo 78, anayepanda pole pole kama mzee aliyejitwika gunia. Mwenyewe hutembea na taulo begani, kwa kuwa udenda wa mnyama huyu haukatiki, na mkono wa koti langu ni shahidi.

Asili ya aina hii ya mbwa ni kipito cha milimani cha Great St Bernard, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari mpakani mwa Uswisi na Italia, ambako Bernard wa Menthon alianzisha nyumba ya watawa ya kuwahifadhi wasafiri katika karne ya 11. Mbwa waliletwa huko baadaye sana, katika karne ya 17, wakiwa walinzi tu. Kumbukumbu za mwanzoni mwa karne iliyofuata zinamtaja mmoja aliyekimbizwa ndani ya gurudumu jikoni ili kuzungusha nyama motoni. Uokoaji ulizuka pale watumishi waliowasindikiza wasafiri walipoanza kufuatana na mbwa hao, wakaona kwamba mbwa hapotezi njia katika ukungu na humnusa mtu aliyefukiwa na theluji.

Aliyevuma kuliko wote ni Barry, aliyezaliwa mwaka 1800 na kusifiwa kuokoa watu zaidi ya 40. Hadithi kwamba aliuawa na mtu aliyekuwa akimwokoa ni ya kubuni: aliletwa Bern mwaka 1812 apumzike, akafa kwa uzee miaka miwili baadaye. Nilipokwenda kumtazama katika Makumbusho ya Historia ya Asili, ambako ngozi yake imejazwa na kuhifadhiwa, nilidhani nimekosea chumba, maana ni mdogo mno akilinganishwa na huyu wa ngazini. Akiwa hai alikuwa na uzito wa kilo 40 na ushei, na hata umbo tunaloliona leo lilirekebishwa mwaka 1923, kichwa kikainuliwa, ili afanane zaidi na wajukuu zake.

Kile kipipa cha brandi ambacho mbwa hawa huchorwa nacho shingoni kilienezwa na mchoro wa mwaka 1820 wa Edwin Landseer, mchoraji Mwingereza, na afadhali kilibaki mchoroni, kwani pombe humpotezea joto mtu aliyeganda kwa baridi.

Ukubwa ulikuja kwa mkono wa binadamu. Baada ya majira makali ya baridi kupunguza mbwa, watawa waliwachanganya na aina ya Newfoundland, lakini manyoya marefu yalishika barafu, hivyo watoto wa namna hiyo wakagawiwa watu wa mabondeni. Huko wafugaji waliopenda vichwa vikubwa na miili mizito waliendelea kuwakuza, na mwaka 1887 mkutano wa Zurich ukapitisha vigezo vya aina hiyo. Gharama yake ameilipa mbwa mwenyewe: nyonga dhaifu, tumbo kujisokota, na umri ambao kwa kawaida hauvuki miaka 8 hadi 10.

Siku hizi uokoaji milimani hufanywa kwa helikopta na mbwa wepesi zaidi. Wa jirani yangu ana miaka sita, na tayari hulala kidogo ghorofa ya pili kabla ya kumalizia ngazi za tatu.