Moja, mbili, nne, halafu?

Mpwa wangu yuko la tatu, juzi karudi shule kanuna, daftari la hesabu kalibana kwapani hataki mtu alione. Kumbe kapigwa kosa. Swali lenyewe jaza namba inayofuata, 1, 2, 4, __ na yeye kaweka 7, ticha alikuwa anataka 8.

Nikamuuliza, mjomba, hii saba umeitoa wapi? Akasema, "Si wameongeza moja, wakaongeza mbili, sasa hapa tatu mjomba."

Sasa jamani hapo mtoto kakosea nini? Ticha anazidisha kwa mbili, dogo anaongeza kinachozidi kukua, na namba tatu peke yake haziwezi kukwambia nani kati yao yuko sawa. Wangeweka hata ya nne tu, kama ni 8 au 7, ubishi ungeisha palepale.

Basi nikachukua karatasi, kunja mara moja zinakuwa tabaka mbili, kunja tena nne, tena nane. Nikamwambia ya ticha hiyo hapo. Akanyamaza, machozi yanamlenga.

Mama yuko barazani (tunakaa Mikindani) anasuka ukili wake, alikuwa anasikia yote, akasema mkalete ule mkate wa kumimina uliobaki. Mkate mzima, kipande kimoja. Kisu cha kwanza, viwili. Kisu cha pili kikakatiza cha kwanza, vinne. Cha tatu ndo penyewe, ukipitisha palepale katikati wanapokutana wenzake unapata sita tu, lakini mama akakisogeza pembeni kidogo kikavikata vyote viwili sehemu tofauti, tukahesabu: saba! Cha katikati kimekaa pembetatu, kidogo kama kucha. Dogo karuka na kile ndo kakitia mdomoni kwanza.

Mama huyu hesabu za shule hakufika mbali, ila muulize mkeka wake. Ule alioukalia una mistari mweupe, mwekundu, mweusi, halafu inajirudia hivyohivyo. Nikamtega, mama mstari wa ishirini rangi gani? Mimi kichwani nagawa ishirini kwa tatu, sita baki mbili, kabla sijamaliza kashajibu mwekundu. Anasema mweusi unaangukia tatu, sita, tisa, mpaka kumi na nane, basi ukitoka hapo hesabu mweupe, mwekundu, umefika. Wala mikono haikusimama kusuka.

Dogo akataka tukate na mara ya nne, maana kwa hesabu yake vinakuja kumi na moja, na ni kweli vinakuja kama kisu kikikatiza mistari yote mitatu bila kupita inapokutana. Lakini wadogo zake walishafika na sahani ilishabaki chenga.